Arusha au Athi River? Usilinganishe mishahara, linganisha siku mbaya

Mpwa wangu ni fundi wa kuchomelea. Kazi kajifunzia kwa fundi hapa hapa Namanga, upande wa Tanzania, miaka minne ya kula vumbi la chuma kwa malipo ya chakula na nauli, na sasa mkono wake umeiva. Mwezi uliopita akapigiwa simu mbili ndani ya wiki moja. Karakana ya Arusha inayounda matrela inamtaka kwa shilingi 600,000 za Tanzania kwa mwezi. Kiwanda cha vyuma cha Athi River, Kenya, kinampa shilingi 30,000 za Kenya. Wapelekee wabadilisha fedha wa hapa mpakani, utaona zinakaribiana mno hata huwezi kuamua kwa mshahara.

Akaja kwangu jioni. "Shikamoo mjomba. Niende wapi?"

Mimi nimeshika mafaili ya wafanyakazi pande zote mbili za mpaka huu, miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Mshahara ni wa siku njema, na siku njema hazitofautiani sana Arusha na Athi River: unaingia, unachomelea, unatoka, unalipwa. Siku mbaya ndizo serikali hizi mbili zimeziandalia mambo tofauti kabisa, na huko ndiko nilikompeleka.

Nikisema Tanzania hapa nasema Bara. Zanzibar wana sheria zao za kazi na mfuko wao wa jamii, tusiwachanganye.

Ukiumia

Kwanza wanapofanana. Pande zote mbili sheria haianzi kwa kuuliza kosa ni la nani. Ukiumia ukiwa kazini, au ukipata ugonjwa uliotokana na kazi, una haki ya kutibiwa na kulipwa, alimradi hukujiumiza kwa makusudi. Meneja akikuambia "ulizembea mwenyewe, hakuna fidia", anakuongopea, awe anasema kwa lafudhi ya Moshi au ya Machakos.

Wanapoachana ni katika nani ameshika hela.

Tanzania hela imeshikwa na WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Kila mwajiri anachangia kutokana na jumla ya mishahara anayolipa. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, sasa ni asilimia 0.5. Mfanyakazi hachangii hata senti. Ukiona WCF kwenye makato ya hati yako ya mshahara, jua umeibiwa. Kabla ya mfuko huu palikuwa na sheria ya tangu ukoloni ambayo kikomo chake cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000. Uti wa mgongo umevunjika, unapewa laki moja na elfu nane uende nyumbani. Wazee waliopita viwandani enzi hizo ndiyo maana hadi leo hawana habari na neno fidia.

Kenya hela imeshikwa na kampuni ya bima. Sheria yao ya fidia ya 2007 kila mtu huko anaiita Wiba, na inamlazimisha mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake wote. Serikali, kupitia mkurugenzi wa usalama na afya kazini, inapokea taarifa ya ajali, inapiga hesabu ya fidia na kupeleka madai; mwajiri au bima yake anatakiwa kulipa ndani ya siku 90.

Sasa tuweke hesabu mezani, maana mpwa wangu haamini kitu kisicho na namba.

Tuseme umevunjika mkono na huwezi kufanya kazi kwa muda. Kenya unalipwa mshahara wako mzima, lakini usizidi miezi 12. Tanzania unalipwa asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Mkono unaopona kwa miezi minne, Kenya wamekutendea vizuri zaidi. Jeraha linaloburuta mwaka na nusu, Kenya umeshaishiwa na Tanzania bado unapokea.

Ulemavu wa kudumu ndio wenye maneno. Kenya wanachukua mshahara wa miezi 96, wanauzidisha kwa asilimia ya ulemavu. Kwa mshahara wa 30,000, ulemavu wa asilimia 10 ni shilingi 288,000. Ulemavu kamili ni 2,880,000. Unalipwa mara moja, mkupuo, basi. Tanzania nao wanalipa mkupuo kama ulemavu hauzidi asilimia 30. Ukizidi hapo, inakuwa pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha yako, na kwa ulemavu kamili pensheni hiyo ni asilimia 70 ya mshahara. Kwa mtu wa 600,000 hiyo ni 420,000 kila mwezi.

Nilimwambia mpwa wangu achukue simu apige mwenyewe. Mishahara ya miezi 96 ya Arusha ingekuwa 57,600,000. Gawa kwa 420,000, unapata miezi 137, yaani miaka kumi na moja na miezi kama mitano. Akiishi zaidi ya hapo baada ya kuumia, pensheni imeupita mkupuo. Yeye ana miaka 24.

Kuna watakaosema mkupuo ni bora, unanunua kiwanja, unafungua duka. Wapo waliofanya hivyo, siwakatai. Lakini hela ya mkupuo ina ndugu wengi. Pensheni haina ndugu, kwa sababu kila mwezi inafika ndogo, inaishia kwenye unga na ada. Mtu aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi na ana watoto wadogo, mimi namtakia pensheni. Na akifa kwa ajali ya kazini, Tanzania mjane na watoto nao wanaingia kwenye malipo ya kila mwezi, wakati Kenya familia inapewa ule ule mkupuo wa miezi 96. Kwenye hili Tanzania imeshinda, na haijashinda kwa kidogo.

Upande wa muda, pote ni siku saba mwajiri awe amepeleka taarifa ya ajali, na madai yasipite miezi 12. Kenya kifo kinatolewa taarifa ndani ya saa 24. Usikimbilie wakili Kenya ukidhani utafungua kesi ya madai mahakamani moja kwa moja. Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi huo Desemba 2019, madai yanaanzia kwa mkurugenzi. Hukuridhika na hesabu yake, una siku 60 za kuweka pingamizi, kisha ndiyo mahakama ya kazi.

Niliwahi kumsindikiza kijana mmoja, vidole viwili vimekwenda na mashine ya kukata bati. Kiwanda sikitaji. Walimpa likizo ya wiki tatu yenye malipo, wakamletea na boksi la matunda, kila mtu akasema waajiri hawa wana utu. Taarifa hawakupeleka popote. Tulipokuja kushtuka ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu aumie. Tuliwahi, kwa jasho. Tangu siku hiyo nikiona boksi la matunda wodini huuliza kwanza namba ya taarifa.

Mkaguzi anakuja lini?

Tanzania mkaguzi anatoka OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, uliopo tangu 2001 na sheria yake ya sasa ni ya 2003. Kenya ni kurugenzi ndani ya wizara ya kazi, inaitwa DOSHS, na sheria yao ni ya 2007. Pote mahali pa kazi panatakiwa pasajiliwe na cheti kiwepo.

Kwa maandishi Kenya wamembana mwajiri kwa namna ninayoipenda. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Kila mwaka lazima ufanyike ukaguzi wa kina na mtaalamu aliyeidhinishwa, ripoti iende kwa mkurugenzi. Na kuna kifungu kinachosema ukimripotia msimamizi hatari kubwa, hawezi kukurudisha pale hatari ikiwa bado ipo. Kwa fundi wa kuchomelea anayeambiwa "ingia ndani ya tangi hilo la mafuta, tumeshalisafisha", hicho kifungu ni roho.

Tanzania nao wana jambo lao ambalo wengi hulichukia bila kulielewa: vipimo vya afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara baadaye. Vijana wanadhani wanatafutiwa sababu ya kunyimwa ajira. Mimi ninaona vinginevyo. Ajali ina mashahidi na damu sakafuni, lakini moshi wa kuchomelea hauna shahidi. Unaingia kifuani miaka kumi, na siku unapoanza kukohoa mwajiri anasema ulikuja nao. Karatasi inayoonyesha kifua chako kilikuwaje siku ya kwanza ndiyo shahidi. Macho vile vile. Kila fundi wa hapa mpakani anaujua usiku wa mchanga machoni baada ya mwanga wa kuchomelea, wengine wanajitia maziwa, asubuhi wanarudi kazini.

Ila nikiwa mkweli, sheria zote hizi zina wakaguzi wachache na nchi kubwa. Siku ya ukaguzi mara nyingi inajulikana. Utaona sakafu imefagiliwa, kofia ngumu mpya zimetoka stoo, na vibarua watano wamepewa ruhusa ya ghafla wakapumzike. Nimeliona hilo Kenya, nimeliona Tanzania, na kofia zilikuwa za rangi ile ile ya njano.

Ukiachishwa

Hapa usikubali mtu akuambie nchi moja ni bora tu. Inategemea unaangalia nini.

Kenya haina fao la kukosa ajira. Michango ya NSSF yao, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 6 yako na 6 ya mwajiri, kwa kawaida inakaa kusubiri umri. Wakikupunguza kazi kwa sababu ya hali ya biashara unachobeba ni kiinua mgongo: si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi.

Tanzania kiinua mgongo ni kidogo zaidi: siku 7 kwa kila mwaka, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa mtu aliyekaa miaka sita ni siku 42, dhidi ya siku 90 za Kenya. Lakini kinalipwa kwa mapana zaidi, si kwa kupunguzwa tu, mradi umefikisha miezi 12 na hukufukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Juu yake kuna NSSF, ambako wewe na mwajiri mnachangia jumla ya asilimia 20. Ukiwa na miezi 18 ya michango, una umri chini ya miaka 55, hukuacha kazi kwa hiari yako na hujapata nyingine, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa 600,000 ni kama laki mbili kwa mwezi. Hukufikisha miezi 18, unarudishiwa mkupuo wa nusu ya michango yako mwenyewe.

Laki mbili si mshahara, ni kodi ya chumba na dagaa. Wengi bado wana uchungu na lile fao la kujitoa lililoondolewa, ambapo mtu alikuwa anachukua michango yake yote akaondoka, na malumbano ya 2018 hawajayasahau. Naelewa uchungu wao. Hata hivyo, miezi sita ya kodi ya chumba inatosha kumzuia fundi asiuze mashine yake, na fundi aliyeuza mashine harudi tena kirahisi.

Jambo ambalo Wakenya wanaovuka kuja huku wanapaswa kulijua: fao hili la Tanzania limewekewa sharti la uraia. Mpwa wangu ni Mtanzania, kwake halina shida. Jirani yake wa upande wa pili wa barabara asilihesabu.

Halafu saa ya kulalamika. Tanzania, ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 tu za kufika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimeona watu wakikaa kijijini wakisubiri bosi apoe, siku ya 40 ndiyo wanauliza. Na kama hujafikisha miezi sita kazini, hiyo hoja ya kuachishwa isivyo halali huna. Kenya kesi ya ajira ina nafasi ya miaka mitatu. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu mzito wa kuamka achague Kenya.

Karatasi ya ufundi

Mpwa wangu hana cheti. Ana mkono. Swali ni upande gani utamgeuzia mkono kuwa karatasi kwa haraka.

Tanzania njia yake ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Zamani angeambiwa arudi darasani aanze moja. Siku hizi kuna urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unatathminiwa kwa kazi unayoifanya, unafundishwa pale palipopungua, unapewa cheti. Kenya njia yake ni NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwanda, na mitihani ya gredi: unaanza ya tatu, unapanda ya pili, kisha ya kwanza. Mtihani wa gredi hauulizi ulisoma wapi, unauliza unaweza nini. Mafundi wa jua kali wanaupenda kwa hilo, na waajiri wa Athi River wanaifahamu lugha ya gredi bila kueleweshwa. Hapa nampa Kenya, kwa sababu ngazi tatu zinazoeleweka mtaani humsaidia fundi kudai nyongeza.

Lakini angalia hela ya mafunzo inavyokusanywa, utashangaa. Mwajiri wa Tanzania mwenye wafanyakazi kumi au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 iliwekwa asilimia 3.5 ya mishahara. Mafundi ishirini wa laki sita kila mmoja, kwa kiwango hicho ni shilingi 420,000 kila mwezi. Mwajiri wa Kenya analipa NITA shilingi 50 kwa kichwa kwa mwezi: mafundi wale wale ishirini ni shilingi 1,000 za Kenya. Hata hivyo huyu wa Kenya akipeleka wafanyakazi mafunzoni anaweza kudai arudishiwe gharama. Kwa hiyo swali la kumwuliza meneja wa Athi River ni mara ya mwisho alidai lini. Akikuangalia kama umeuliza habari za mwezini, jibu umepata.

Na usitegemee karatasi ya upande mmoja itakubaliwa upande wa pili kwa sababu tu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makubaliano ya kutambuana vyeti yamewafikia wahandisi, wasanifu majengo, wahasibu na madaktari wa mifugo. Fundi wa kuchomelea hayumo.

Kibali

Soko la pamoja la Afrika Mashariki limeanza Julai 2010, na bado ukivuka kwenda kuajiriwa unahitaji kibali cha kazi. Kenya imefuta ada ya kibali kwa raia wa Jumuiya, makaratasi yanabaki. Mkenya anayekuja Tanzania anahitaji kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, viwili mbalimbali. Wengi hapa Namanga wanavuka kimya kimya na kufanya kibarua. Sitawahukumu, watoto wanakula. Nasema tu kwamba mtu anayejificha askari hawezi kupeleka madai ya kidole chake.

Kibarua ndiye anayepotea katika hesabu zote hizi. Kenya sheria inasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima anageuka mwajiriwa wa mwezi, na haki zake zinafuata. Waajiri wanaijua, ndiyo maana siku ya 28 unaambiwa pumzika kidogo urudi Jumatatu.

Nilichomwambia

Kwa mtu wa hali yake, kijana, Mtanzania, anayetuma hela kwa mama, kazi yake ya hatari: Arusha. Pensheni ya ulemavu na ile miezi sita ya NSSF zinanitosha. Kama angekuwa Mkenya, au kama lengo lake lingekuwa kupanda gredi kwa miaka mitatu kisha afungue karakana yake, ningemsukuma Athi River bila kusita. Kwa yeyote aliyekwisha kuwa na familia upande mmoja, asivuke kwa tofauti ya elfu hamsini za Tanzania.

Nikaongeza sharti moja. Awapigie wote wawili, aombe vitu viwili kwa adabu. Wa Arusha: cheti cha usajili wa OSHA na uthibitisho wa kujisajili WCF. Wa Athi River: cheti cha usajili wa DOSHS na hati ya bima ya Wiba yenye tarehe ya mwaka huu.

Wa Athi River alituma picha mbili usiku ule ule, moja imekaa upande lakini inasomeka, bima ina miezi saba mbele. Wa Arusha alisema cheti kiko kwa mhasibu, mhasibu amesafiri, na kwani wewe kijana umekuja kufanya kazi au kukagua?

Nimenyamaza. Kila nilichosema kuhusu sheria za Arusha bado ni kweli, na hakimsaidii mtu ambaye mwajiri wake hajamwandikisha. Mpwa wangu amepeleka maombi ya kibali cha Kenya wiki iliyopita. Akisubiri, anachomelea madirisha ya nyumba ya jirani hapa nyuma, na kinga ya uso nimemnunulia mimi.